Kabla Hujaikataa Kazi ya Kuhudumia Wagonjwa na Wazee

Nilipokuwa na umri wa miaka 20, bibi yangu alipatwa na kiharusi, akapooza upande wa kulia. Mimi ndiye niliyebaki naye nyumbani, na niliona kama nimepewa adhabu, kwa kuwa wenzangu walikuwa wakitafuta kazi za ofisini huku mimi nikifua mashuka. Hadi leo nawasikia vijana wakisema kwamba kumwogesha mzee au kumlisha mgonjwa ni huruma tu, jambo lisilohitaji elimu, na kwamba anayelifanya kwa malipo amekosa kazi nyingine.

Aliyenibadilisha ni muuguzi aliyenikuta nikimvalisha bibi. Nilianza na mkono mzima, kisha nikauvuta ule uliopooza hadi akalia kwa maumivu. Muuguzi akanifundisha kwamba mkono uliopooza huvishwa kwanza na huvuliwa mwisho. Akanielekeza nimgeuze kitandani kila baada ya saa 2 hivi, kwa sababu uzito wa mwili ukikandamiza nyonga au kisigino kwa muda mrefu, damu haifiki na ngozi huanza kufa. Na wakati wa kula nimkalishe wima ili asipaliwe. Niliona haya kwamba nilikuwa nimemuumiza kwa majuma mengi bila kumuuliza mtu.

Kwa hiyo, kijana, usiichague kazi hii kwa wema wa moyo pekee, wala usiikatae kwa sababu ya kinyesi na mikojo. Hivyo huzoeleka, kigumu zaidi ni mzee uliyemhudumia mwaka mzima kukuuliza wewe ni nani. Omba kukaa siku kadhaa na mhudumu mzoefu, ujipime kama unaweza kumsubiri anayetafuna taratibu bila kumharakisha.

Ukiamua kuifanya, uliza kuhusu mapumziko kabla ya mshahara. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani apate angalau saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki, na anayeajiriwa kumhudumia mgonjwa nyumbani kwake ni miongoni mwao. Nalisisitiza hili kwa sababu niliwahi kufanya kazi siku 11 mfululizo kwa mwajiri mmoja, na siku ya mwisho nikamfokea mzee aliyekuwa akiomba maji tu.