Ubia wa ghorofa kwenye nyumba ya urithi: majibu kwa mdau wa Magomeni

Mkuu, umeuliza kama familia yenu ikubali ofa ya mwekezaji: nyie mtoe kiwanja cha marehemu mzee hapo Magomeni, nyuma kidogo ya kituo cha mwendokasi, yeye ajenge ghorofa nane, awape mbili za juu kabisa, na hati mumkabidhi wiki ijayo "ili aanze kushughulikia vibali". Waliotangulia kukujibu wamegawanyika. Wapo wanaosema mmelalia dhahabu, wapo wanaosema mtalizwa. Familia yetu imepitia ubia wa namna hiyohiyo, mtaa si mbali na kwenu, jengo limesimama na watu wanaishi. Kwa hiyo sipo kwenye kundi la wasiotaka mjenge. Ila kwa masharti uliyoyaweka hapo juu, mimi nisingesaini.

Elewa kwanza kwa nini anawajia nyie na anawajia sasa. Mwendokasi ilipoanza 2016, kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Gerezani na Morocco, Magomeni ikawa pale njia zinapogawanyika. Kariakoo nyumba za Kiswahili karibu zimekwisha, zimemezwa na maghorofa. Ukivuka Jangwani tu, mahali pa karibu penye viwanja vilivyopimwa, mitaa iliyonyooka na nyumba za chini ni kwenu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar, ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Wengi wa hao milioni walioongezeka wamekwenda kujenga Chanika, Kivule, Goba na kwingine huko pembeni, wanaamka saa kumi alfajiri kuwahi kazini. Miongoni mwao wapo wenye uwezo wa kulipa zaidi ili wakae hatua chache kutoka kituoni. Mwekezaji anawauzia hao. Zege anaweza kulimwaga popote, kituo hawezi kukihamisha. Mkikaa naye mezani kumbukeni hilo, maana atakuja na sura ya mtu anayewasaidia yatima.

Sasa suala la ghorofa mbili za juu. Familia nyingi hubishania idadi: tunapata ngapi, yeye anabaki na ngapi. Mwekezaji wetu alianza na robo, tukamvuta mpaka karibu na theluthi, na baadhi ya ndugu zangu wakaona huo ndio ushindi. Kilichotulipa ni kingine: dada yetu mkubwa alikataa kuondoka mezani bila fremu mbili za maduka za mbele, chini kabisa, zinazotazama barabara. Mwekezaji alikuwa tayari kutuongezea nyumba nzima ya vyumba vitatu juu ili azibakize hizo fremu. Hapo ndipo tulipojua thamani yake. Leo fremu hizo mbili zinaingiza kodi kuliko nyumba zetu tatu za juu zikijumlishwa, na mpangaji wa kwanza alitoa na kilemba, fedha ya kuingilia juu ya kodi. Nyumba ya ghorofa ya saba inasubiri mpangaji miezi mitatu, minne, na lifti ikizima wa kwanza kukupigia simu ni yeye. Na bi mkubwa wenu miguu inamsumbua. Ukimpeleka ghorofa ya nane umemfungia, hata barazani kwa jirani hafiki.

Kwa hiyo rudini mkamwambie hivi: sehemu yetu ianzie chini. Fremu, nyumba ya mama ghorofa ya kwanza, zinazobaki ndizo ziende juu. Kila kimoja kiandikwe kwenye mkataba kwa namba yake na kichorwe kwenye ramani iliyoambatanishwa, siyo "asilimia 25 ya jengo". Asilimia ya jengo inaweza kuwa stoo na maegesho.

Kwenye hati nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoumia. Umesema jina lililoko kwenye hati bado ni la marehemu. Basi kwa sasa hakuna mwenye mamlaka ya kumkabidhi mtu yeyote chochote, hata kaka yako mkubwa, mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Na msimamizi naye siyo mmiliki, ni mtunzaji wa mali ya warithi wote, akiwemo yule mdogo wenu wa mama mwingine ambaye umemtaja kwa nusu sentensi. Huyo msipomhusisha leo, atakuja na zuio la mahakama siku nguzo za ghorofa ya nne zinamwagwa. Nimeshuhudia kesi ya aina hiyo: jengo limesimama, nondo zimeota kutu, vichaka vimeota ndani, na familia yote inapanga vyumba mtaani.

Jirani zetu wengine mambo yalikwenda sawa mpaka kwenye hati. Mwekezaji wao aliwaambia anaihitaji kwa ajili ya kibali cha ujenzi, wakampa hati na nguvu ya kisheria ya kuitumia. Akaiweka rehani benki, akachukua mkopo, nusu ya fedha akaipeleka kwenye mradi wake mwingine. Mradi ule ukafa. Wenye nyumba walijua siku dalali wa mahakama alipobandika tangazo la mnada kwenye bati la uzio. Funzo nililolipata mimi ni hili: kibali hakihitaji umiliki uhame. Mwenye kiwanja anaomba kibali kwa jina lake huku mbunifu na mhandisi wakisaini michoro. Hati ikikaa kwa wakili mnayemwamini wote wawili, kwa maandishi kwamba haitolewi rehani bila saini za warithi wote, kazi inakwenda vilevile. Akisema haiwezekani, muulize fedha za kujengea anatoa wapi. Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha kama mnaongea na mwekezaji au na mtu anayetaka kukopa kwa kiwanja chenu.

Kama kampuni yake ina wabia wa nje, angalieni mara mbili. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji kupitia utaratibu wake maalumu, na kampuni yenye hisa nyingi za wageni huhesabiwa kama asiye raia. Nendeni BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni, mkapekue kampuni ni ya nani. Mama, kama alikuwa mke halali wa mzee, naye lazima awepo na asaini akiwa anaelewa anachosaini. Msimpelekee karatasi jikoni.

Jengo likiisha, ugawaji unafanyika kwa sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo. Kila nyumba na kila fremu inapata hati yake, na ngazi, korido, paa na lifti vinakuwa mali ya pamoja chini ya umoja wa wamiliki. Andikeni kwamba hati zenu zinatoka pamoja na zake, siyo baada yake. Sisi tulidai hivyo, akanuna wiki mbili, akakubali.

Tukija kwenye ujenzi wenyewe. Magomeni mko kando ya bonde la Msimbazi, na mnajua Jangwani inavyofungwa mvua zikikolea. Kwetu katapila lilipofika kama urefu wa mtu na nusu maji yalianza kuchuruzika kwenye kingo, na pampu ikakaa inaunguruma usiku na mchana, ikimwaga tope barabarani. Ukuta wa jiko la jirani ukapasuka kuanzia kwenye lenta mpaka chini, ufa wa kuingia sarafu ya mia. Mhandisi mshauri alifanya kitu ambacho sikuwahi kukiona: akabandika vipande vya kioo kwa saruji juu ya ule ufa, akaandika tarehe pembeni kwa penseli. Kioo kikikatika, maana yake ukuta bado unatembea. Vioo viwili vikakatika. Kazi ikasimama, wakajenga kwanza ukuta wa kushikilia udongo upande ule, na jiko la jirani likajengwa upya kwa gharama ya mwekezaji. Ililipwa kwa sababu ilikuwa kwenye mkataba. Isingekuwepo, jirani angetushitaki sisi tuliotajwa kwenye hati, na angekuwa na haki.

Kwa hiyo ulizieni ripoti ya upimaji wa udongo kabla ya michoro mizuri ya rangi. Angalieni bango la eneo la ujenzi: mkandarasi, mhandisi, mbunifu, wote majina na namba za usajili, kisha mzihakiki kwenye bodi zao. Akianza kusema anataka kuongeza orofa ya chini ya ardhi au ghorofa moja zaidi ya zilizo kwenye kibali, simamisheni. Jengo la Kariakoo lililoanguka Novemba 2024 na kuua watu bado liko vichwani mwetu wote, na lile la katikati ya jiji la Machi 2013 liliondoka na watu 36.

Maji na vyoo watu hawaviulizi, na ndivyo vinavyowatesa baadaye. Nyumba ya vyumba sita ilikuwa na shimo moja uani. Sasa mnaweka majiko na mabafu zaidi ya kumi na tano juu ya kiwanja kilekile. Kama mtaa wenu hauna bomba la majitaka la DAWASA, jengo litategemea gari la kunyonya, na gari hilo linahitaji mahali pa kusimama. Kwetu halikutengewa nafasi, linasimama mbele ya fremu na mpangaji wa duka la vitambaa analalamika kila mara. Kisima kilichochimbwa ni cha maji chumvi, mabomba yanaliwa. Umeme wa LUKU nao hakikisheni kila sehemu ina mita yake.

Kuna mdau hapo juu kasema maghorofa haya ni mazuri kwa sababu yanaleta watu karibu na mwendokasi. Kwenye nyumba yetu ya zamani, tukihesabu na mabanda ya uani, walikuwa wanaishi watu zaidi ya ishirini, na karibu wote walikuwa wanatembea kwenda kituoni. Ghorofa imeongeza watu, sikatai, lakini siyo kama ramani ilivyoahidi: orofa nzima imechukuliwa na ofisi, nyumba mbili zinapangishwa kwa siku, na walioko juu wengi wana magari na ugomvi wao mkubwa ni maegesho. Wapangaji wetu wa zamani tuliwapa notisi ya miezi mitatu na kodi iliyobaki tukawarudishia. Mmoja alikuwa mama wa maandazi, wateja wake walikuwa hapohapo kituoni alfajiri. Alihamia Mbagala. Hilo sikuandikii ili mkatae mradi. Nakuandikia kwa kuwa umesema wapangaji "wataondoka tu", na wapangaji wa chumba kimoja hupata tabu kupata chumba kingine jirani, maana vyumba hivyo ndivyo vinavyobomolewa mtaa mzima. Wapeni muda wa kutosha.

Na nyie mtakaa wapi? Hili hujalitaja kabisa. Mwekezaji alipe kodi ya nyumba ya familia mpaka siku mnakabidhiwa funguo, pamoja na fidia ya kodi mliyokuwa mnapokea kwa wapangaji, kila mwezi, na kiwango kipande akichelewa. Wakazi wa Magomeni Kota waliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, na nyumba 644 zilizinduliwa Machi 2022. Mtoto aliyeondoka pale darasa la kwanza alirudi anaota ndevu. Kama mradi wa serikali ulichukua muda huo, wa mtu binafsi anayetegemea kuuza nyumba kwenye karatasi ili apate fedha za zege unaweza kuchukua muda wowote. Wetu uliahidiwa miaka miwili, ukaisha mwaka wa nne, na muda wote ule bi mkubwa wetu alikuwa Sinza kwa kodi iliyolipwa na mwekezaji.

Fungueni mirathi kwanza. Wiki ijayo akija kuchukua hati, mwambieni iko mahakamani inasubiri msimamizi, na mkimaliza hapo mtatafuta wakili wenu, siyo huyo aliyekuja naye. Ukipata rasimu ya mkataba, futa majina uiweke hapa, wapo wanasheria humu watakuangalizia.