Kano ya kisigino imekatika, mbona daktari anahangaika na sentimita?

SWALI: Dokta shikamoo. Kaka angu alikua anacheza mpira akasikia paa kwenye kisigino, kama kapigwa teke kwa nyuma, kugeuka hakuna mtu. Tukajua kateguka tu tukawa tunamkanda, sasa ni miezi miwili bado hawezi kusimamia vidole. Wamempima wanasema pengo ni sentimita 6 na watachukua kano ya kidole gumba cha mguu. Si watamharibu na kidole jamani? Kwanini wasiunge tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni sana. Msijilaumu, hii inawapita wengi kwasababu mguu bado unacheza, kuna kano nyingine ndogo zinausogeza. Ukitaka kujua mlaze mtu kifudifudi umminye kigimbi, kano ikiwa nzima wayo unashtuka, ikikatika unatulia tuli.

Kano ya Achilles, ndo hiyo ya kisigino inayounganisha kigimbi na mfupa, ina urefu kama wa sentimita 15 hivi na mara nyingi inakatika sentimita 2 mpaka 6 juu ya mfupa wa kisigino, pale damu inafika kidogo. Ikishakatika kigimbi kinavuta kipande cha juu, na wiki zikipita msuli unajikunja unaganda hukohuko juu huku katikati panajaa kovu ambalo halina nguvu. Ndo maana rula inakua na kazi. Pengo lisilozidi sentimita 2 mara nyingi zinavutwa zinashonwa ncha kwa ncha, 2 mpaka 5 msuli unachanjwa kwa juu ili ushuke, ikizidi 5 wengi wanaazima kano nyingine. Na hapo ndo alipo kaka yako.

Ya kidole gumba inapendwa kwa sababu ipo jirani kabisa na msuli wake unashuka mpaka chini, unakuja na damu yake. Kidole kinapungua nguvu ya kusukuma, huo ni ukweli, ila kwa kutembea kawaida wengi hata hawaoni tofauti, mkimbiaji ndo anaweza kuiona. Kuna na kano nyembamba inaitwa plantarisi, ndefu kama uzi, inafaa kuimarishia mshono lakini watu kama 7 mpaka 20 kwenye kila 100 hawanayo kabisa, kwahiyo usimpangie mtu upasuaji kwa kuitegemea hiyo.

Jambo moja naomba sana mumuulize daktari: hiyo 6 imepimwa wayo ukiwa umekaaje? Vidole vikielekea chini pengo linapungua, vikiinuliwa linaongezeka. Na kipimo cha mwisho kinapatikana kwenye meza ya upasuaji, kovu likishakatwa, hapo 6 inaweza ikawa 7. Muulizeni pia kuhusu neva (mshipa wa fahamu) inayopita pembeni kwa nje, inakatiza ukingo wa kano kama sentimita 10 juu ya kisigino, ikiguswa upande wa nje wa mguu unabaki na ganzi.