Ukipangiwa mtu wa mieleka, jiandae kuanguka

Konde langu la kwanza lilimpata. Naanza na hilo kwa sababu washkaji wa Keko, Dar, kila nikiwasimulia huuliza, "Lakini si ulimgusa?" Nilimgusa, mkono wa kulia, juu kidogo ya jicho. Kufumba na kufumbua naona taa za dari. Alikuwa ameshazama chini ya mkono ule ule, kayakumbatia mapaja yangu yote mawili, na mimi niko hewani kama gunia la mkaa linaloshushwa kwenye fuso. Nilipotua pumzi yote ilinitoka. Hata dakika mbili hazikufika, nikawa napiga kofi mkekani kukubali kushindwa, kabali imeshaingia, refa anamvuta bega aniachie.

Hiyo ilikuwa Dubai, pambano la ridhaa la MMA, mchezo wa ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja, kilo 70. Mimi bondia wa mtaani, usiku nalinda ghala, mchana nalala kidogo kisha naenda mazoezini. Yeye kijana wa Dagestan, kule Urusi, aliyeanza mieleka angali mtoto wa shule ya msingi. Ukitaka kupigana huku Ghuba utakutana nao tu: Wadagestani, Wachecheni, na vijana wa Abu Dhabi ambao jujitsu, ule mchezo wa kubanana na kukabana chini, wanafundishwa shuleni kama sisi tulivyokimbizwa mchakamchaka. Tangu siku ile nimeshikwa na watu wa aina hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sasa vijana wanaotoka kwenye ndondi kule nyumbani hunitumia ujumbe: "Kaka, nimepangiwa mtu wa mieleka, nina wiki nane, nifanyeje?"

Jibu langu huwaudhi. Nawaambia wajiandae kuanguka.

Wao wanataka kusikia namna ya kutoanguka. Na mimi nilijiandaa hivyo hivyo. Kocha niliyekuwa naye wakati ule alikuwa bondia kama mimi. Wiki sita nzima alinifundisha kutupa miguu nyuma mtu akiniingia, basi, hesabu imeisha. Hakuna hata siku moja niliyoanza raundi nikiwa chini. Kwa hiyo nilipofika chini nilikuwa mgeni, hata mlango wa kutokea siujui. Na kabla sijafika huko, woga ulikuwa umeshanila. Ukiamini kwamba kuangushwa ndiyo kushindwa, mikono inakuwa mizito, unaangalia kiuno chake badala ya kupiga. Lile konde moja nililirusha kwa nguvu zote ili mambo yaishe kabla hajanishika. Uzito wote ukaenda mbele, kisigino cha nyuma kikanyanyuka. Hiyo ndiyo zawadi aliyokuwa akiisubiri.

Mtazame Francis Ngannou. Januari 2018, Boston, alikutana na Stipe Miocic, bingwa wa wakati ule na mtu wa mieleka. Raundi ya kwanza Mkameruni yule alirusha makonde ya kubomoa nyumba. Zilizobaki alishikwa, akabanwa kwenye wavu wa kizimba, akalaliwa mpaka pumzi ikakata. Machi 2021 wakarudiana Las Vegas. Miocic akamwingia miguuni, safari hii Ngannou akatupa miguu nyuma bila papara, akamzunguka, akampiga pale pale. Raundi ya pili pambano likaisha. Watu hukumbuka konde la mwisho. Mimi huirudia ile hatua ya kumzunguka, maana anayeogopa kushikwa hazunguki vile. Halafu Januari 2022, goti likiwa bovu, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anamwangusha Ciryl Gane, akashinda kwa pointi. Ni mtu yule yule aliyekuwa akilaliwa miaka minne nyuma.

Na upande wa pili kuna Dricus du Plessis wa Afrika Kusini. Agosti 2025, Chicago, Du Plessis akiwa ndiye bingwa, Khamzat Chimaev, mwanamieleka Mchecheni, alimshikilia chini zaidi ya dakika 20 katika dakika 25. Moyo alikuwa nao, pumzi pia. Kila alipoanza safari ya kuinuka, alikuta njia imezibwa. Pambano lile halina raha kulitazama, lakini kama umepangiwa mtu wa mieleka, litazame mara tatu ukiwa na kalamu.

Sasa kazi yenyewe.

Kitu cha kwanza kutafuta ni mtu wa kukuangusha. Video hazitoshi, na bondia mwenzako anayeigiza mieleka atakudanganya, kwa sababu akikushika hajui cha kufanya baadaye. Kama uko nyumbani, ulizia klabu za judo, Zanzibar hasa zipo. Mtu wa judo atakushika zaidi kwa juu kuliko miguuni, lakini atakukata mtama na ngwala mpaka mwili uzoee kutua, na huo uzoefu ni nusu ya dawa. Awe mzito kidogo kuliko wewe. Mnunulie juisi, mbebee begi, fanya lolote asikukimbie.

Ukishampata, acheni kuanzia katikati ya mkeka mkiwa mmesimama. Anzeni pabaya. Raundi ya kwanza uko chali na yeye amekukalia tumboni. Ya pili yuko mgongoni kwako na mkono mmoja tayari uko shingoni. Ya tatu umebanwa ukutani, ameshafunga mikono nyuma ya mapaja yako. Kizimba hamna? Ukuta wa kawaida unatosha. Sisi tulitumia ukuta wa chumba cha kuwekea viatu. Kazi yako ni moja tu: simama, tengana naye, mguse na ngumi moja, kisha rudini pale pale. Ukishazoea, panga watu watatu wapokezane kila dakika, wewe ubaki. Wiki ya kwanza utatapika. Mimi nilitapika, kisha nikaingia kazini saa mbili usiku.

Hapa kwenye kuinuka nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Ukiangushwa usikubali kulala chali bapa. Geukia ubavu, uje juu ya kiwiko, kutoka kiwiko uende kiganja, vuta makalio nyuma mpaka yaguse ukuta. Ukuta ukishakushika mgongo, mguu mmoja unauvuta chini yako, unapanda. Hadi hapo hata mwalimu wa mtandaoni atakuambia. Asichokuambia ni kwamba mtu mzuri wa mieleka haushughulikii mwili wako wote. Anauwinda ule mkono uliouweka chini kujisukumia. Khabib Nurmagomedov, yule Mdagestani aliyestaafu 2020 akiwa na ushindi 29 bila kupoteza, alijenga jina kwa kazi hiyo. Anakunja miguu yako pamoja ukiwa umekaa ukutani, anapitisha mkono nyuma ya mgongo wako, anadaka kifundo cha mkono unaojisukumia, anauvuta. Unakaa tena. Na sasa una mkono mmoja wa kuzuia ngumi.

Kwa hiyo mkono ule usiuache chini kama nguzo. Gusa, sukuma, ondoa. Ukiona anautafuta, mpe kazi nyingine: mkono wako mwingine uingie chini ya kwapa lake, paji la uso wako liingie chini ya kidevu chake. Kichwa ni mkono wa tatu. Nilichelewa sana kulijua hili. Mkibanana ukutani, ambaye kichwa chake kiko chini ya kidevu cha mwenzake ndiye anayeendesha gari. Na viganja vyake vikikutana nyuma ya mapaja au kiuno chako, vunja ule mshiko kabla ya jambo jingine lolote. Usimpige kichwani kwanza. Utampiga mbili, naye atakunyanyua. Wala usishike wavu, ni kosa kisheria, na mwili uliozoea kushika wavu mazoezini utaushika tu mbele ya refa.

Mkiwa wima, mambo ni machache. Usirudi nyuma mstari ulionyooka, utajipeleka mwenyewe ukutani. Rusha ngumi fupi mbili au tatu, toka pembeni. Teke la juu lisilotanguliwa na ngumi ni kumkabidhi mguu. Ngumi ya mbele ya tumboni mimi naipenda kuliko zote dhidi ya watu hawa: unashuka kiwango kile kile anachoshuka yeye, mikono yako tayari iko chini akija, na baada ya tatu nne anaanza kuinama kwa mashaka. Kumbuka pia kwamba haji mara moja. Shambulio la kwanza ni chambo. Ukizuia miguu anahamia kiuno, ukizuia kiuno anazungukia mgongoni. Wengi huzuia la kwanza vizuri, wakapumua kwa furaha, wakaangushwa na la pili.

Suala la pumzi. Mimi nilikuwa nakimbia kilomita kumi bila shida, nikadhani nimemaliza. Raundi moja ya kushikana ilinifundisha adabu: mikono ilikufa ganzi kabla mapafu hayajaanza kulalamika. Pumzi ya kubanwa ni nyingine, na inapatikana kwa kubanwa. Jifunze pia kutulia ukiwa chini. Julai 1997, Alabama, Maurice Smith, mtu wa mateke na ngumi, alikutana na Mark Coleman, bingwa wa uzito wa juu wa UFC, shirika kubwa la mapambano ya MMA, na mwanamieleka aliyekwenda Olimpiki. Kila mtu alijua Smith ataangushwa, naye mwenyewe alijua. Akaangushwa. Akafunga nafasi zake chini kwa utulivu, akamwacha Coleman ajichoshe, na Coleman alipobaki anahema kwa mdomo, Smith akasimama akampiga mateke ya miguu mpaka ushindi wa pointi. Linganisha na yule bondia wa UFC ya kwanza, Denver 1993, Art Jimmerson, aliyeingia na glovu mkono mmoja. Royce Gracie alipomkalia juu tu, alisalimu amri hata kabla ya kukabwa. Siku za nyuma nilikuwa namcheka sana. Siku hizi simcheki, maana najua pale chini panavyokuwa kama hujawahi kufika.

Machache ya haraka. Usikate kilo nyingi. Mwili mkavu haubanduki chini. Shingo ifanyie mazoezi kila siku. Mazoezini ukikabwa vizuri, piga kofi mapema, usimfanyie mwenzako ubishi. Pambano halipo siku hiyo na goti au bega likienda limeenda. Na oga mara tu ukitoka mkekani, fua kila kitu. Choa iliniondoa mazoezini siku kumi, wiki tatu kabla ya pambano, na daktari wa mchezo hakuruhusu ubishi.

Pambano langu la pili na mtu wa mieleka lilikuja miaka miwili baadaye. Raundi tatu za dakika tatu. Niliangushwa mara tano. Nne nikainuka, ya tano kengele ikatukuta chini. Kila nilipoinuka nilimpiga moja au mbili kabla hajanirudia, na kufikia raundi ya tatu viganja vyake vilikuwa vinakutana nyuma ya mapaja yangu kisha vinateleza vyenyewe. Majaji wawili walinipa mimi, mmoja akampa yeye. Tulipokaa nje kwenye benchi alichukua chupa ya maji, akaizungusha kifuniko, ikamshinda, akamnyooshea kocha wake amfungulie.