Kutu ya bastola hapa Pwani: kabla ya kuuliza unapaka nini, uliza unafuta nini

Mwenzetu ameeleza kwamba alikaa Nakuru miaka sita bila bastola yake kushika hata doa, lakini tangu ahamie Mombasa zimepita wiki saba tu na tayari slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachovutwa nyuma, imetoka madoa ya hudhurungi upande unaolala mwilini, ingawa anaipaka mafuta kila Jumamosi. Swali lake ni anunue mafuta ya aina gani. Nimekuwa na leseni kwa miaka kumi na minne, na muda wote huo nimeishi Pwani na kuibeba silaha kiunoni kwa sababu ya biashara yangu, kwa hiyo naomba nimjibu kwa kirefu, kwa kuwa naamini mafuta si chanzo cha tatizo lake.

Chuma hushika kutu pale hewa na maji vinapokutana juu yake, na chumvi ikiongezeka hapo kazi huenda mbio. Chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani na kuushikilia, ndiyo maana kikopo cha chumvi jikoni huku kwetu huloa chenyewe ilhali kule bara hubaki kikavu. Jasho ni maji ya chumvi. Ukipaka mafuta juu ya jasho lililokauka, umeifunika chumvi badala ya kuiondoa, na kutu itaendelea kula chini ya mng'aro unaokuridhisha macho. Nakuru hewa kavu ilikuwa ikimsamehe mwenzetu. Hapa unyevu wa asubuhi mara nyingi hupita asilimia 80, na upepo wa baharini unaleta chumvi yake mwenyewe. Anayetaka ushahidi atazame nondo za madirisha ya nyumba zinazoelekea bahari kule Nyali, jinsi zinavyobambuka rangi kabla hazijatimiza miaka mitatu.

Nakumbuka asubuhi moja ya Aprili, masika yamekolea, nilifungua sefu nikakuta alama ya kidole gumba changu juu ya slaidi. Haikuwa alama ya mafuta bali ya kutu: mistari yote ya kidole ilisomeka, imezungukana kama pete za mti uliokatwa, rangi yake kama ya matofali. Siku nne kabla ya hapo nilikuwa nimeishika bastola mara moja tu, kuihamisha rafu, nikaifungia bila kuifuta. Tangu siku ile sijaiweka silaha bila kufuta kila mahali nilipogusa, hata kama nimeishika kwa sekunde mbili.

Utaratibu wangu wa jioni ni huu. Natoa magazini (kikasha cha risasi) kwanza, navuta slaidi nyuma, naangalia ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa macho na kuipapasa kwa kidole, kisha risasi zote naziweka mbali na meza ninayofanyia kazi; hatua hii siiruki hata nikiwa nimechoka vipi, na namsihi kila msomaji asiiruke. Baada ya hapo nachukua kitambaa cha pamba, kipande cha fulana kuukuu kinatosha, nakilowesha kidogo sana kwa maji safi na kufuta sehemu zote za nje, kwa sababu chumvi huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Maji hayo yawe ya kunywa au ya mvua. Maji ya kisima katika mitaa yetu mingi yana chumvi, na ukiyatumia utakuwa umerudisha kile unachokitoa. Nafuta tena kwa kitambaa kikavu, naiacha mbele ya feni kwa dakika kumi, ndipo napaka mafuta, tena kidogo, kiasi kwamba kidole kinahisi utelezi lakini jicho halioni tone. Mafuta mengi hukusanya vumbi na nyuzi za nguo, na vikichanganyika vinakuwa tope linaloshika unyevu.

Kuna sehemu ambazo watu wengi huzisahau. Jasho huteremka na kujikusanya kwenye mfereji ulioshikilia kilengeo cha nyuma, chini ya vibao vya mpini, kwenye vichwa vya skrubu na ndani ya magazini, ambayo springi yake inaweza kuota kutu mwaka mzima bila mwenyewe kujua. Mimi hufungua magazini zangu mara moja kwa mwezi, na msimu wa masika kila baada ya wiki mbili. Mswaki wa zamani na vijiti vya pamba vya masikio vinafika kote huko.

Sasa nije kwenye mafuta, maana ndiyo aliyoyauliza. Kwa mtu anayeibeba silaha na kuifuta kila siku, mafuta mepesi ya madini yaliyo safi yanatosha, na mafuta ya cherehani yamewahi kunitunzia silaha kwa miaka. WD-40, ile dawa ya kupulizia iliyobuniwa Marekani mwaka 1953, ilikusudiwa kufukuza maji, na tarakimu zake zinatokana na jaribio la arobaini ndilo lililofaulu. Kwa hiyo ukinyeshewa na mvua ni msaada mzuri, ila utando wake ni mwembamba mno kuachwa peke yake miezi kadhaa. Mafuta ya nazi yaacheni jikoni, kwa sababu huchacha na kuganda. Kwa silaha inayokaa sefuni muda mrefu napendelea nta kwa nje, kama ile ya Renaissance iliyobuniwa miaka ya 1950 kwa kazi za British Museum, kwani haitiririki wala haikauki upesi kama mafuta.

Aina ya bastola nayo ina maana. Ile rangi nyeusi yenye kuelekea samawati iliyo kwenye bastola nyingi za zamani yenyewe ni aina ya kutu iliyodhibitiwa, ina vitundu visivyoonekana, na faida yake kubwa ni kushikilia mafuta. Ikikauka haikingi karibu chochote. Chuma kilichotiwa nitrojeni, kama slaidi za bastola za Glock, kinavumilia zaidi. Chuma cha pua chenye kromi hakipakwi rangi, lakini wanaodhani hakishiki kutu kabisa wamekosea, kwani nimeona vidoa juu yake kwa mtu aliyekuwa akifanya kazi gatini.

Holsta ya ngozi, yaani ala ya kubebea bastola kiunoni, ndiyo ninayoishuku zaidi katika kisa cha mwenzetu. Ngozi hunywa jasho, haikauki upesi, na ina mabaki ya dawa zilizotumika kuitengeneza ambazo si rafiki wa chuma. Kuibebea silaha mchana hakuna ubaya, mradi kuna fulana ya ndani kati yake na mwili, lakini kuilaza silaha humo usiku ni kosa. Niliwahi kusafiri wiki tatu nikaacha bastola ndani ya holsta ya ngozi, ndani ya sefu, nikiamini kufuli mbili zimetosha. Niliporudi, upande mmoja ulikuwa umechimbika vishimo vidogo ambavyo hakuna mafuta yatakayovifukia, na vipo hadi leo. Vile vikasha vyenye sponji ndani vina tabia hiyo hiyo ya kushika unyevu. Holsta ya plastiki ngumu hainywi maji, ila hushika mchanga unaokwaruza rangi, kwa hiyo nayo ioshwe na kukaushwa.

Sheria yetu ya silaha hapa Kenya, Sura ya 114, inatutaka tuitunze silaha mahali salama wakati wote, na karibu sote tunatumia sefu ya chuma. Sefu iliyofungwa vizuri hufungia pia unyevu uliomo, na zile za kuzuia moto mara nyingi zina jasi ndani ya kuta zake, ambayo hubeba maji. Nunua kipima unyevu kidogo cha betri ukiweke ndani; mimi hujitahidi kisipite asilimia 50. Vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya ni vidogo mno na hushiba mapema, kwa hiyo tafuta mfuko mkubwa wenye chembe zinazobadilika rangi, na zikibadilika uzikaushe kwenye oveni kwa joto lisilozidi lile lililoandikwa kwenye mfuko. Jihadhari na vile vikopo vya dukani vinavyovuta unyevu na kujaa maji chini: vingi hutumia kloridi ya kalsiamu, na maji yale ni ya chumvi kali. Kimoja kikipinduka sefuni, hasara yake itapita ya masika yote.

Wanaofanya kazi kwenye ofisi zenye kiyoyozi wakumbuke kwamba chuma kilichopoa kikitoka nje kwenye joto hutokwa umande papo hapo, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Miwani yako ikifunga ukungu mlangoni, jua kwamba na bastola iliyo chini ya shati imeloa.

Risasi zifutwe kwa kitambaa kikavu tu, bila mafuta, kwa sababu mafuta yanaweza kupenya hadi kwenye fataki iliyo kwenye kitako cha ganda na kuiharibu. Ukiona ukoko wa kijani, iache, usiitumie.

Kuhusu madoa uliyo nayo sasa, ndugu yangu, paka mafuta uyaache saa kadhaa, kisha sugua taratibu kwa stilwaya laini kabisa ya daraja la 0000, si ile ya kusugulia sufuria, na usiitumie kwenye chuma cha pua kwani itaacha chembe zake humo. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, maana rangi inaweza kupauka. Kisha angalia ndani ya mtutu kwa tochi, silaha ikiwa tupu na imefunguliwa. Ukikuta vishimo humo, usisugue wala usiifyatue. Ipeleke kwa fundi wa silaha mwenye leseni aipime kwanza.