Barua kwa mwanangu mchoraji, kuhusu lile gauni la batiki

Mwanangu,

Marahaba. Huku Mwanjelwa, Mbeya, sote wazima. Baridi ya Julai imeshika, asubuhi vidole vinakataa sindano mpaka jua lipande, lakini kazi ipo, na mama yako anakusalimu sana.

Ujumbe wako nimeusoma, kisha nikaurudia usiku nyumba ilipotulia. Unasema yule mama anayekuandalia maonyesho huko Dar es Salaam amezisifu picha zako, ila amekuambia wewe mwenyewe huonekani msanii. Anataka siku ya ufunguzi uvae batiki ya rangi kali, kilemba kikubwa na shanga, na amekutolea mfano wa Frida Kahlo, yule mchoraji wa Meksiko. Unasema huna mtindo, kisha unaniuliza: mavazi ya msanii ni sehemu ya kazi yake, au ni pambo la kuuzia? Na je, nikushonee hiyo batiki?

Sitakuambia kwamba mavazi hayana maana. Nimekulea kwa cherehani, siwezi kusema hivyo. Zipo sanaa ambazo ukizivua nguo zinakufa. Chukua mganda wa kule mwambao wa Ziwa Nyasa. Ngoma ile iliiga gwaride la askari wa enzi za ukoloni, ndiyo maana wanaume husimama kwa mistari, kaptula nyeupe, shati jeupe, soksi zimevutwa juu. Niliwahi kuwashonea kikundi kimoja kaptula hizo. Kiongozi wao alikaa kwenye benchi langu akanieleza jambo ambalo sijalisahau: mguu wa kaptula ukiwa mpana, kitambaa kinaendelea kucheza wakati goti limeshasimama, na mtu aliye mbali anaona mstari mzima umechelewa. Hapo vazi ni kazi yenyewe. Wavishe wale wanaume jinzi na fulana, ngoma italia, lakini mganda hautakuwepo.

Sasa nenda soko la Lyulilo, karibu na Matema, kwenye ziwa hilohilo, siku vyungu vya kijiji cha Ikombe vinaposhushwa kwenye mitumbwi. Mama wa Kikisi amejifunga kitenge kilichopauka, udongo umemkaukia mpaka kwenye viwiko. Mnunuzi hamtazami yeye. Anakiinua chungu, anakigeuza, anakigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Kikilia vizuri, pesa inatoka. Mtindo wake wote mama yule ameuweka kwenye chungu, katika wembamba wa ukuta wake na michoro ya bega lake, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba haonekani mfinyanzi.

Kwa hiyo mimi sishindani na yule mama kuhusu kupendeza. Ninachouliza ni kimoja: hilo vazi linatoka wapi? Kama linatoka palepale kazi inapotoka, ni lako. Kama limetoka kichwani mwa mnunuzi, utalivaa, lakini litakuwa lake.

Na tumtazame huyo Frida aliyekutolea mfano, maana picha zake nimeziangalia kwa jicho la fundi. Aliugua polio akiwa na miaka 6, mguu wake wa kulia ukabaki mwembamba. Mwaka 1925, akiwa na miaka 18, basi alilopanda liligongana na tramu, akavunjika uti wa mgongo na nyonga. Tangu hapo maisha yake yalikuwa ya kufungwa viunzi vya plasta, vya ngozi na vya chuma ili kiwiliwili kisimame. Sasa angalia blauzi anazovaa, zile za wanawake wa Tehuantepec, kusini mwa Meksiko. Zimekatwa mraba, hazina dati za kubana mwili wala kiuno. Zinapita juu ya kiunzi bila kubana, na kwa kuwa ni fupi hazijikunji mapajani mtu anapokaa kitini kuchora. Mapambo yote yako shingoni na kifuani, mahali panapoonekana mtu akiwa amekaa. Sketi inashuka mpaka chini, mguu unabaki siri yake. Fundi yeyote aliyewahi kumshonea mgonjwa angekata hivyohivyo. Hata zile plasta alizipaka rangi na kuzichora. Alichora akiwa amelala, kioo kimewekwa juu ya kitanda chake, na sura aliyoiona humo ndiyo imejaa kwenye picha zake nyingi. Alifariki mwaka 1954, nguo zake zikafungiwa chumbani, na chumba kilipokuja kufunguliwa mwaka 2004 ulikutwa pia mguu wake wa bandia, umevishwa kiatu chekundu kilichodariziwa. Mwili uliomuuma ndio aliouvisha, na ndio aliouchora. Anayekuambia uvae kama Frida anakupa jibu la swali ambalo hukuulizwa wewe.

Mwingine ni Georgia O'Keeffe, mchoraji wa Marekani, na huyu nampenda zaidi maana alikuwa mtu wa sindano. Nguo zake nyingi alijishonea kwa mkono, mishono midogo, iliyotulia, nyeusi na nyeupe. Akipata kata inayomfaa, alirudufisha gauni lilelile. Mwaka 2017 jumba la makumbusho la Brooklyn liliziweka nguo zake kando ya picha zake, na mtu akizitazama pamoja anaona ni mkono mmoja: alichokipunguza kwenye gauni ndicho alichokipunguza kwenye kanvasi. Hakuna aliyemvisha.

Lakini usidhani bila vazi la kutambulisha msanii hasikiki. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu vya mama yake kabla ya kuimba taarabu. Alipoanza kung'ara walimkejeli kwa mambo hayahaya unayoambiwa wewe, sura na mavazi: kwamba alikuja mjini na kaniki, na kama si sauti asingepata cha kula. Hakuwajibu kwa nguo. Aliwajibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti ile ndiyo iliyofika kwenye majumba ya watu wasiomjua hata kwa sura. Tena yuko Edward Saidi Tingatinga, wa Tunduru, kusini huku kwetu. Alichora kwa rangi za kopo zinazouzwa madukani, kwenye vipande vya silingibodi, na ule mng'ao wake unatokana na rangi aliyoimudu. Picha ya mtindo wake unaitambua ukiwa ng'ambo ya barabara. Waulize watu alikuwa anavaaje, uone wangapi watakujibu.

Sasa nije kwako. Unasema huna mtindo, na hapo ndipo nimeumia, kwa sababu mimi nimeuona tangu hujajua kusoma. Gauni lako la Krismasi niliwahi kulitia lesi shingoni. Ulikaa mlangoni na wembe wangu wa kufumulia, ukaitoa lesi yote, uzi kwa uzi, bila kutoboa kitambaa, kisha ukalivaa ukaenda kanisani umefurahi. Marinda uliyakataa. Vifungo vya kung'aa ulivikataa. Mpaka leo nguo zako ni za kijivu, nyeupe na bluu iliyokoza, na wenzako wanakuuliza kama una msiba.

Halafu nimeitazama ile picha yako ya mlima Loleza asubuhi ya ukungu. Kanvasi karibu yote umeiacha nyeupe. Kuna ukingo wa paa la bati, kuna mwanamke na ndoo, basi. Mlima haupo. Lakini mimi ninayeamka chini yake kila siku niliuona, nikajua uko wapi na una uzito gani nyuma ya weupe ule. Jicho lililofumua lesi ndilo lililoufunika mlima. Mtindo wako ni huo, mwanangu, unajua cha kuacha, na si kila mchoraji anajua.

Ndiyo maana naiogopa ile batiki. Siidharau, batiki nzuri ni kazi ya mtu mwenye subira, na wapo wachoraji ambao ingewakaa kama ngozi yao. Ila ukisimama na manjano na shanga kando ya ukungu ule, mnunuzi atasikia sauti mbili zinazobishana, na ya nguo ndiyo itakayokuwa kubwa. Ataondoka anakukumbuka wewe, picha ameisahau. Mwakani atarudi kukuomba picha zinazofanana na gauni, na kwa kuwa kodi ya chumba inadai, utamchorea moja. Ya pili haitakuwa ngumu. Nimeona bendi za vijana zikifa hivyohivyo hapa mjini: sare za kumetameta zimeshonwa kabla ya nyimbo kuiva, kisha nyimbo zikatungwa kuzifuata sare.

Yule mama simlaumu. Ana ukumbi wa kulipia, na ni kweli watu humkumbuka mtu kuliko jina. Mjibu kwa heshima. Mwambie utakuja nadhifu, utasimama karibu na picha zako na utajibu kila atakayekuuliza, jioni nzima. Mwambie pia yuko huru kuandika ukutani kwamba umetoka Mbeya na kwamba baba yako ni fundi cherehani, hayo ni ya kweli na wanunuzi wana haki kuyajua.

Batiki sitakushonea. Nina jora la drili ya kijivu iliyokoza, nitakukatia gauni lililonyooka, lisilo na kola, mikono inayokunjika mpaka juu ya kiwiko kwa sababu unapoongea mikono yako haitulii. Mifuko miwili mirefu ya pembeni, uweke kalamu na kitambaa cha kufutia. Uzi wa kijivu kila mahali, isipokuwa mshono mmoja mweupe juu ya pindo, nao ukiuona umezidi niambie niushone kwa kijivu. Nitumie kipimo cha bega, kifua, nyonga na urefu, na apime mtu mwingine, usijipime mwenyewe. Likiwa tayari nitalikabidhi basi la alfajiri.

Na yule mama akishikilia kwamba bila kilemba hakuna maonyesho, usimjibu hapohapo. Nipigie kwanza, tuzungumze kuhusu hela uliyokwisha kutumia kwenye fremu.

Baba yako