Sekunde 11 za Sauti ya Babu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Amefiwa na babu yake, na anachoogopa ni kumsahau. Afanyeje? Swali lake limeniumiza, kwa hiyo nisameheni nikianza na yangu.

Babu yangu alipofariki, wasifu wa marehemu niliuandika na kuusoma mimi. Watu wazima walilia. Mpaka leo shangazi yangu anasema hajasikia wasifu kama ule, na kusema kweli hata mimi sijausikia. Kazi alizofanya, watoto, wajukuu, vyote vilikuwemo. Babu ndiye hakuwemo. Hakuwemo yule mzee aliyekuwa akitafuta miwani kwanza ndipo apokee simu, eti bila miwani hasikii vizuri.

Alipenda kunitumia ujumbe wa sauti, mrefu kama safari. Mimi na haraka zangu nilikuwa nasikiliza nusu, mwingine sikuufungua kabisa. Baada ya msiba nikabadilisha simu. Fundi akaniuliza nihamishiwe nini, nikajibu, "Picha tu." Picha tu! Usiku ule nikamtafuta babu kwenye simu mpya: kimya. Uliobaki ni ujumbe mmoja aliomtumia binamu yangu kwa bahati mbaya, sekunde 11. Anakohoa, anauliza, "Hii imeshaanza kurekodi?" kisha unasikia vidole vikihangaika kuizima.

Koti lake nalo alilibeba mtu ambaye wakati wa ugonjwa hakuonekana hata mara moja. Simtaji, anajijua. Koti si kitu. Basi, ni kitu, lakini tuendelee.

Ndugu yangu, hamisha sauti zake leo, hata kama machozi hayajakauka. Weka nakala mahali pawili, maana simu huibwa na simu hufa. Picha za karatasi ziandike majina kwa nyuma, kwa penseli laini. Wino hupenya na kuichafua picha iliyopangwa chini yake. Zile za ukutani ziondoe kwenye jua, litazipausha. Halafu hamisha sauti. Najua nimeshasema.

Nanyi ambao babu zenu wako hai, mnaorekodi kila upuuzi mnaokutana nao, mnangoja nini? Msimwambie "tusimulie maisha yako", atawaambia ni marefu. Muulizeni kitu kidogo: viatu vyake vya kwanza alinunuliwa na nani? Alipigwa kwa kosa gani? Kisha nyamazeni, mwacheni apotee njia katikati ya hadithi, msimrudishe. Mimi nilikuwa namrudisha. "Fupisha, babu," nilikuwa nasema, naye anafupisha kweli.

Jana msomaji amenijibu. Amekuta jumbe 43 za babu yake, na hana nguvu ya kufungua hata mmoja. Nimemwambia asifungue, ahamishe kwanza. Kisha nikaiweka simu pembeni, maana wivu ulikuwa umenikaba.