Weka Hiyo Ndoo Chini: Kwa Aliyenunua Tangi la Samaki Juzi

Kama tangi lako lina wiki moja na maji yameshakuwa kama ya kuoshea mchele, karibu, sote tulianzia hapo. Ombi langu la kwanza ni moja: weka hiyo ndoo chini. Usilioshe tena.

Nasema "tena" kwa sababu najua umeshaliosha. Tangi langu la kwanza, hapa Tabata, niliosha mara tatu ndani ya siku kumi. Lilikuwa la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, lita 54 likijaa mpaka ukingoni, na nilitia samaki kumi na wawili siku ileile, kwani muuzaji alisema hakuna shida. Siku ya tatu maji yakapauka. Nikamwaga yote, nikasugua vioo, nikasuuza kokoto, sponji ya filta nikaikamua chini ya bomba mpaka ikawa kama mpya. Maji yakakaa masafi siku mbili, kisha yaleyale. Mara ya tatu niliamka alfajiri nikakuta samaki wote wamepanda juu, midomo imegusa uso wa maji, wanahema. Nilidhani wanaomba chakula. Nikawapa. Kufika Ijumaa walibaki wanne.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Samaki hutoa amonia mchana na usiku, nyingi ikipitia mashavuni, na chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia mpaka iwe nyingi. Bakteria hao hawaelei majini. Wamejishika kwenye sponji, kokoto na vioo, na huongezeka polepole sana. Tangi jipya huchukua kama wiki nne mpaka sita kuwa nao wa kutosha. Sasa nifikirie mimi na sponji yangu chini ya bomba lenye klorini, dawa inayoua bakteria.

Ule weupe ni bakteria wa aina nyingine. Hawa ni kama watu wanaokuja kwenye shughuli kufuata pilau: chakula kikiwepo wanajaa ndani ya saa chache, kikiisha wanatawanyika. Tunaowahitaji sisi ni wale wa kuosha vyombo, na hao kama kawaida huchelewa. Ubaya wa wafuata pilau ni kwamba wanavuta oksijeni, na maji yetu ya joto la Dar, nyuzi 28 na zaidi bila hita yoyote, yana oksijeni kidogo tangu mwanzo. Ndiyo maana samaki walipanda juu. Mimi nikawaongezea pilau.

Kwa hiyo dawa ya weupe ni njaa. Usiwalishe siku mbili nzima. Samaki mkubwa mwenye afya hafi kwa hilo. Baada ya hapo wape mara moja kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili, na kinachozama kitoe. Pampu ya hewa isizimwe usiku. Kwa tangi la ukubwa kama langu, toa ndoo moja ya lita kumi kila siku au kila baada ya siku moja, urudishe maji yaliyolala. Si zaidi ya hapo, labda samaki wawe wanahema. Hapo badilisha hata nusu, maana kumwokoa samaki ni kwanza. Sponji ikiziba, ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi lenyewe.

Maji yaliyolala ni maji ya bomba yaliyokaa kwenye ndoo iliyo wazi saa 24 ili klorini iruke. Simtanki lililofunikwa halihesabiki. Maji ya kisima mara nyingi hayana klorini, ila mitaa mingi ya mji huu visima vyake vina chumvi, hivyo ukianza na kisima endelea na kisima. Usimrushe samaki kutoka maji haya kwenda yale kwa siku moja. Na yale makombe na matumbawe uliyookota ufukweni, subiri kwanza. Yanatoa chokaa inayopandisha pH, yaani inayapunguzia maji asidi, na pH ikipanda amonia ileile inakuwa kali zaidi. Samaki wa miamba wa ziwa Tanganyika au Nyasa wanapenda maji ya namna hiyo, lakini ndani ya tangi ambalo limeshakomaa.

Ukungu uliotokea dakika ileile ulipojaza maji ni vumbi la kokoto tu, litatua. Maji ya kijani ni jua: sogeza tangi mbali na dirisha.

Harufu ni kesi nyingine, na hapa tumia pua yako. Shombo kidogo ni kawaida. Ikinuka siki kabla hujatia hata samaki mmoja, ni silikoni ya fundi haijakauka. Acha tangi wazi mpaka iishe. Ikinuka yai viza, kuna mahali maji hayapiti, mara nyingi chini ya kokoto zilizorundikwa nene, au ndani ya filta iliyozima kwa saa nyingi umeme ulipokatika. Filta ya namna hiyo usiiwashe tu umeme ukirudi. Mwaga kwanza maji yaliyotuama ndani yake.

Uvundo hasa, ule wa kukufanya ufungue madirisha, una mwili mahali fulani. Utafute. Mimi nilihesabu samaki, wametimia. Nikainua jiwe kubwa la nyuma, wingu la kijivu likapanda, na chini yake kukawa na bonge la mkate lililoota utelezi. Mtoto wa dada yangu, miaka minne, alikuwa anapanda kwenye stuli kila asubuhi kugawana kifungua kinywa na "wale wa njano". Nilinyonya uchafu wote kwa mpira, nikatoa ndoo mbili, nikaihamishia stuli jikoni.

Siku iliyofuata maji yalikuwa bado yamepauka lakini uvundo umekata. Weupe wenyewe ulichukua siku tisa, ukaanza kuondoka kwa nyuma: kwanza nikaona waya wa pampu, kisha rangi ya ukuta. Harufu iliyobaki ni ya ardhi iliyopata mvua. Wale wanne niliwaacha peke yao mwezi mzima kabla sijaongeza wawili, na muuzaji akanishangaa kwa nini sichukui kumi.